Kutafuta pH ya amonia (na besi dhaifu zingine) hatua kwa hatua

Wadau, leo tuimalize hii ishu, maana kila mwaka nasahihisha kazi za fomu siksi na kosa ni lile lile, mtu anapewa amonia ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), anaandika OH⁻ ni 0.1, pOH (yaani −log ya OH⁻) 1, pH 13, anapiga mstari. Hiyo ni pH ya kostiki soda (NaOH), sio ya amonia.

Hatua ya 1. Andika mlinganyo kabla hujagusa kalkuleta:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Angalia ule mshale wa kwenda na kurudi, hapo ndo pana kila kitu. Kostiki soda ikiingia kwenye maji inaachia OH⁻ zote, amonia yenyewe inanyang'anya maji H⁺ kidogo tu na nyingi inabaki NH₃ vile vile ilivyoingia. Ndo maana chupa inanuka. Chukua litmasi nyekundu, iloweshe, ishike juu ya mdomo wa chupa bila kugusa kitu, inageuka buluu ikiwa hewani hapo hapo. Ila uso weka mbali na miwani vaa, mimi nilishafungua ile kali mchana wa joto chumba kimefungwa, nikaenda bombani kwa kupapasa macho hayafunguki.

Hatua ya 2. Chukua Kb, namba inayoonyesha besi inageuka kiasi gani kwenye maji, yaani NH₄⁺ mara OH⁻ gawa kwa NH₃. Ya amonia kwenye nyuzi 25 ni 1.8 × 10⁻⁵.

Hatua ya 3. OH⁻ iite x, NH₄⁺ nayo ni x, amonia iliyobaki ni 0.1 − x, kwa hiyo x² ÷ (0.1 − x) = 1.8 × 10⁻⁵. Kwa kuwa x ni ndogo sana ile 0.1 iache ilivyo, zidisha Kb kwa 0.1 upate x² ni 1.8 × 10⁻⁶, tafuta kipeuo cha pili, inakuja 1.34 × 10⁻³.

Hatua ya 4. pOH ni 2.87, toa kwenye 14, pH ni 11.13.

Hatua ya 5 ndo wengi wanairuka na inaniuma kweli, kagua ile njia ya mkato. Gawa x kwa 0.1, unapata asilimia 1.3, iko chini ya 5 so tuko salama. Sasa jaribu amonia ya 0.0001 M: mkato unakupa pH 9.63 lakini x imefika asilimia 42, haikubaliki, inabidi urudi kwenye kwadratiki (ule mlinganyo wa hatua ya 3 bila kuiacha x) na jibu ni 9.54.

Na ukiongeza maji mara 10, kutoka 0.1 M kwenda 0.01 M, kostiki soda inashuka pH 1 nzima, amonia inashuka nusu tu, 11.13 hadi 10.63, kwa sababu ikizimuliwa asilimia kubwa zaidi ya NH₃ inageuka.

Besi zingine ni hivyo hivyo, badilisha Kb tu. Piridini ni 1.7 × 10⁻⁹, kwa 0.1 M utapata kama 9.12.

Ukienda kupima, mita ya pH isetie kwa bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana) ya 7 na ya 10, sio 4 na 7, na pima mapema amonia inaruka. Ukisoma 11.1 umefika. Ikisoma 10.9, kabla hujalaumu mita uliza bika imekaa wazi tangu saa ngapi.