Jinsi ya kutembelea Kanisa la Mkunazini, Zanzibar, bila kukimbizwa kimbizwa

Nimeshaenda Mkunazini, lile kanisa la Waanglikana la Mji Mkongwe lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, mara nne au tano hivi na kila nikienda naona kitu kile kile: kundi la wageni linaingia, linashushwa kwenye vile vyumba vya chini wanavyoambiwa walifungiwa watumwa, linapigwa picha kwenye sanamu za watumwa wenye minyororo, linachungulia kanisani dakika tano alafu huyoo wanaelekea Forodhani. Nusu saa imeisha. Na wabongo wenzangu ndo tunaongoza, sijui tunawahi nini. Sa mi nakwambia fanya kinyume, anza na kanisa lenyewe, vile vyumba viache mwisho kabisa, na jipe masaa mawili.

Tuanze na kufika. Ukitoka Dar na boti ya haraka ni kama masaa mawili mpaka bandarini Malindi, hapo hapo Mji Mkongwe. Pale getini utakutana na papasi, hao vijana wa kukufuata fuata "dada karibu, teksi, hoteli, spaisi tua", we salimia vizuri sema hapana asante na uendelee kutembea, usisimame. Mara ya kwanza niliyoenda na mama mdogo tulisimama, kosa kubwa, tukazungushwa vichochoroni karibu dakika arobaini kisha tukadaiwa elfu kumi ya "kuonyeshwa njia" kumbe tungefuata barabara kubwa tungefika kwa dakika kumi na tano. Barabara yenyewe ni Creek Road, kwenye vibao utaona Benjamin Mkapa Road ila watu bado wanaiita Creek. Zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari unaoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo na juu yake daraja, ndo maana soko linaitwa Darajani mpaka leo japo daraja hamna. Ukija kutoka bandarini soko liko kulia kwako, lipite, alafu ingia kulia barabara ya Mkunazini, mnara wa kanisa utauona. Ukipotea muulize mwenye duka au mzee aliyekaa barazani, na umuamkie kwanza tafadhali, huku hawapendi mtu anayeparamia swali bila salamu.

Kama unashuka na ndege, daladala za 505 ndo za uwanja wa ndege, mwambie tu konda unaenda Mkunazini atakushusha sehemu ya karibu.

Nguo. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu naona watu wanatuaibisha. Ni nyumba ya ibada, na nje yake ni mji wa Kiislamu, msikiti uko jirani kabisa, ukisimama uani unaona mnara wa kanisa na wa msikiti kwa pamoja. Funika mabega na magoti. Mwanamke beba khanga kwenye mkoba, inasaidia mengi. Mwanaume na vesti ya pwani usije. Jumapili asubuhi kuna ibada, kama unataka kusali karibu sana, ila kama unataka kutalii njoo siku nyingine, si vizuri kumpiga picha mtu anapokea komunyo. Mi napenda siku ya kazi saa tatu tatu asubuhi, kabla magari ya watalii hayajajaa na jua halijawa kali.

Kiingilio unalipa pale mapokezi na raia halipi sawa na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha NIDA au cha Mzanzibari, usije ukaanza kubishana na mtu wa tiketi kwamba "si unasikia Kiswahili changu". Kuna waongozaji wa pale pale ndani, wachukue hao, wanajua mambo na wengi ni watu wa mji huo huo. Mwambie mapema kabisa kwamba unataka kuanza kanisani na huna haraka.

Haya, ndani sasa.

Hapo unaposimama palikuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alisaini mkataba wa kulifunga, na mwaka huo huo wamisionari wa Anglikana wakaanza ujenzi juu ya kiwanja hicho, jiwe la msingi likawekwa Krismasi. Aliyesimamia ni Askofu Edward Steere. Usipite haraka jina hilo maana wewe unayesoma hapa una deni kwake kidogo: alikaa na watu wa Unguja akaandika sarufi ya Kiswahili, akakusanya hadithi na kutafsiri Biblia, na Kiunguja hicho hicho ndo kilichokuja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928. Alifariki 1882 na kaburi lake liko humo humo, nyuma ya altare. Mi nilivyoliona mara ya kwanza nilisimama tu. Mwalimu wangu wa Kiswahili alinichapa sana kwa ajili ya ngeli na chanzo kimojawapo kimelala hapo.

Angalia juu. Dari limepinda kama mtumbwi uliogeuzwa, limejengwa kwa saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, na inasimuliwa kwamba watu walikuwa wanangoja tu lianguke siku zikitolewa mbao za kushikilia. Halikuanguka.

Alafu geuka upande wa mlangoni kwenye sehemu ya ubatizo, utaona vinguzo vifupi vya marumaru. Viangalie vizuri. Viko kichwa chini miguu juu! Wanasema mafundi walivisimamisha Steere akiwa hayupo, aliporudi akakuta kazi imeisha, na akaviacha hivyo hivyo. Ukikaa na fundi yeyote wa ujenzi wa Bongo utaelewa kwamba hii hadithi inaweza kuwa kweli kabisa.

Kwenye altare, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe na nyekundu pembeni yake. Ndo panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa, wakichapwa ili mnunuzi aone nani ana nguvu, asiyelia bei inapanda. Nyekundu ni damu. Hapo usiongee sana, na usipige selfi. Sikatazi picha ila selfi hapo hapana bwana.

Karibu na hapo kuna msalaba wa mbao, watu wengi wanaupita maana ni mdogo na hauna mapambo. Mbao yake imetoka kwenye mti wa Chitambo, huko Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, alipofariki 1873. Mwili wake ulibebwa na watu wake, akina Susi na Chuma, kwa miguu miezi kadhaa mpaka Bagamoyo. Muongozaji akikusimulia Livingstone tu, we muulize habari za Susi na Chuma. Wengi wanafurahi kuulizwa.

Madirisha ya vioo vya rangi nayo usiyaache, ila nenda asubuhi jua likiwa limeyapiga.

Ukitoka nje ndo uende kwenye lile shimo lenye sanamu. Ni sanamu za watu watano, wamesimama chini ya usawa wa ardhi, wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Zunguka shimo lote, usisimame upande mmoja, kila uso una lake. Mama mdogo alikaa pale kwenye ukingo dakika nyingi bila kusema neno, na huyu ni mtu ambaye hanyamazi hata msibani.

Baada ya hapo ingia kwenye maonyesho, na hapa usome, maelezo ya Kiswahili yapo. Kitu kimoja ambacho wengi wanachanganya: kufungwa soko 1873 si mwisho wa utumwa. Biashara iliendelea kwa kificho, na Unguja hali ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria 1897, bara ndo mpaka 1922 chini ya Waingereza. Ukishajua hilo unaelewa kwa nini wazee wengine bado wanazungumzia mambo haya kwa sauti ya chini, hayako mbali kivile.

Mwisho kabisa vile vyumba viwili, chini ya jengo la hosteli ya St Monica. Inama, dari ni fupi sana na ngazi ni nyembamba, mwenye presha au anayeogopa sehemu zilizobana abaki juu hana anachopoteza. Utaambiwa watumwa walirundikwa humo makumi kwa makumi wakisubiri mnada. Ila ujue wapo wanahistoria wanaosema jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, lilikuwa hospitali, na vyumba vilikuwa stoo. Mi naegemea upande wao. Sasa ndo maana nimekwambia uviache mwisho, kwa sababu ukianza navyo unaona kama vyenyewe ndo ushahidi wote, wakati ushahidi ni ile ardhi nzima unayoikanyaga tangu getini.

Ukitoka utakuwa na njaa na kichwa kizito. Rudi taratibu kwa miguu kupitia vichochoro, ukisikia honi ya vespa jibanze ukutani, tafuta Jaws Corner ukae barazani na wazee, kahawa chungu na kashata, wanabishana siasa na mpira hapo kutwa. Kama njaa ni kali kuna urojo, uliza mtaani wa nani mzuri, kila mtu atakutajia wake na watagombana. Mwezi wa Ramadhani mchana sahau hayo yote, hata chupa ya maji usinywe barabarani, subiri magharibi.

Na ukibakiwa na nguvu, Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu, haliko mbali, ila kulipata kwenye vichochoro ni shughuli, minara unaiona kutoka baharini vizuri kuliko ukiwa mtaa wa pili. Mi nimewahi kulizunguka mara tatu nikiwa nalitafuta.