Bosi Akikwambia Unyamaze: Kazi ya Uhusiano Kampala

Vijana wanaokuja kwangu kutafuta kazi ya uhusiano wa umma huleta cheti cha chuo kikuu, cha Makerere au cha Mukono, na kuniambia wanapenda watu. Vizuri. Mimi huwauliza jambo moja: bosi akikwambia unyamaze, utafanya nini?

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kampuni moja ya maziwa, jina naliacha. Umeme ulikatika usiku, jenereta ikagoma, matangi ya kupozea yakapata joto. Asubuhi maziwa yakaanza kuganda ndani ya pakiti madukani, na kuanzia saa mbili simu hazikupumzika. Bosi akasema, "Kaa kimya, kesho watasahau." Nikakaa kimya kweli, mjinga mimi. Saa kumi na mbili jioni msikilizaji akapiga simu kwenye kipindi cha redio cha Kiluganda: eti tunatia dawa ya kuhifadhia maiti. Jenereta mbovu ilikuwa imegeuka sumu kabla jua halijazama.

Siku hizi naanzia kwa fundi. Yeye ndiye anayejua kimeharibika nini, saa ngapi, pakiti ngapi zimeshatoka. Naandika namba zake, ndipo naingia kwa bosi na karatasi ya sentensi tatu: kilichotokea, tunachofanya sasa, mteja afanye nini na pakiti aliyonayo. Simwulizi kama tuseme. Namwuliza nani atasema, yeye au mimi. Mwanasheria naye aisome mapema. Akiikuta jioni atafuta sentensi zote tatu.

Taarifa ya magazeti isizidi ukurasa. Habari yenyewe ikae sentensi ya kwanza, sifa za kampuni wahariri huzikata hata hivyo. Weka namba ya simu, na simu hiyo uipokee mwenyewe hadi usiku. Ipeleke asubuhi, kabla wahariri hawajaketi kikao.

Halafu lugha. Gazeti la Kiingereza New Vision lililoanza 1986 na lile la Kiluganda, Bukedde, la 1994 ni ya kampuni moja, lakini usidhani karatasi moja ya Kiingereza inatosha yote mawili. Bukedde mpelekee Kiluganda, tena kilichoandikwa na Mganda. Mimi mtu wa Busia niliwahi kujiandikia, mhariri akacheka mpaka akaniitia wenzake. CBS ni redio ya ufalme wa Buganda, pale Bulange, Mengo: nenda kwa miguu yako ukajulikane sura kabla ya siku ya balaa. Facebook usiitegemee, ilifungwa nchini Januari 2021 na wanaoingia wanapita kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi.

Nauli ya waandishi, pesa wanazopewa wakija kuchukua habari, ni jambo la aibu ambalo kila mtu analijua. Mimi huitoa mchana kweupe, kiasi kile kile kwa wote, wanasaini. Bahasha iliyofichwa ndani ya faili sitoi. Mwandishi akichukua nauli kisha akaandika vibaya juu yetu, ni haki yake, na wiki ijayo namwalika tena.

Chama cha maafisa uhusiano, PRAU, kipo. Jiunge, maana wenzako ndio watakaokuokoa saa nne usiku unapotafuta namba ya mhariri.

Na ukija kwangu, njoo na sentensi tatu kuhusu kitu chochote kilichoharibika mtaani kwenu wiki hii. Cheti nitakiangalia baadaye.