Kuwapeleka watoto kuona wanyama Nanenane, Nzuguni

Maonyesho ya Nanenane huanza tarehe 1 Agosti na kufikia kilele tarehe 8. Kwa mkazi wa Dodoma, mabanda ya wanyama pale Nzuguni ni njia rahisi ya kumwonyesha mtoto mnyama wa porini bila safari ya Ruaha au Tarangire. Siku ya kilele iacheni. Viongozi wanakuja, ulinzi unakaza, umati unafurika, na mtoto wa miaka minne ataambulia kuona migongo ya watu. Chagueni siku ya kazi kati ya tarehe 3 na 6, mfike lango linapofunguliwa.

Kuwahi kuna sababu. Simba anaweza kulala hadi saa 20 kwa siku, na muda wake wa kuzunguka ni wakati wa ubaridi. Saa 5 jua likishakaza amelala chali kivulini na watoto wanauliza kama amekufa. Kwa hiyo anzeni na wanyamapori, mifugo baadaye; ng'ombe na mbuzi huonekana vizuri hata mchana. Wanyama wanaoletwa hubadilika mwaka hadi mwaka, basi ulizeni langoni kabla ya kumwahidi mtoto twiga.

Viwanja viko barabara ya Dar es Salaam, jirani na stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, na daladala za kutosha zinafika. Mkiwa na watoto wawili au zaidi, bajaji ni bora kuliko bodaboda. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, magurudumu yake hayatembei kwenye vumbi na kokoto. Mbeleko inafaa zaidi.

Agosti hapa ni upepo. Asubuhi kuna baridi ya kuhitaji sweta, saa 6 jua linachoma, na vumbi haliishi. Mvalishe mtoto nguo mbili za kupunguza moja baada ya nyingine, kofia yenye ukingo, na viatu vya kufunika vidole, si ndala. Bebeni maji lita moja kwa kila mtoto na lita moja na nusu kwa kila mtu mzima. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kupuliza, hata kama hajabanwa miezi mingi.

Kabla ya kuingia mpige mtoto picha, ili akipotea mjue amevaa nini. Andikeni namba mbili za simu mkononi mwake kwa kalamu isiyofutika upesi. Mbili, kwa sababu kwenye umati mtandao huzidiwa na simu moja inaweza isipatikane. Mfundisheni kwamba akiwakosa asimame palepale. Anayetembea kuwatafuta wazazi ndiye anayekwenda mbali. Kwa wenye chini ya miaka mitano, mtu mzima mmoja asishike zaidi ya wawili.

Kwenye vizimba, kizuizi cha nje ndicho mpaka. Kumkalisha mtoto juu yake ili apige picha ni kosa tunaloliona kila mwaka, na wazazi ndio wanaolifanya. Simba dume akiwageuzia mgongo na kuinua mkia, ondokeni haraka: hurusha mkojo kwa nyuma, unafika mbali, na harufu yake haitoki kwa sabuni moja. Mbuni hudonoa vinavyong'aa, yaani vifungo, hereni na simu. Nyani haoni tofauti kati ya chakula chako na chake, basi msile mbele yake. Kioo cha nyoka kisigongwe. Chatu hana masikio ya nje, lakini mtikisiko anausikia vizuri mno.

Msipite kila banda. Vizimba vinne, kila kimoja dakika kumi, vinatosha. Mpe mtoto kitu cha kutafuta: mamba anapumzika mdomo wazi, kwa nini? Anapunguza joto la mwili.

Upande wa mifugo mtafuteni ng'ombe wa Mpwapwa, chotara wa zebu wa hapa na wa Asia aliyezalishwa kwa maziwa na nyama kwenye nchi kavu kama hii. Mtoto akigusa mnyama, anawe kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kula. Kitakasa mikono hakitoi kinyesi wala udongo, na kuhara au fangasi za ngozi huanzia hapo.

Chakula bebeni kutoka nyumbani. Zabibu zikiwapo, zioshwe, na kwa wenye chini ya miaka mitano zikatwe kwa urefu, vipande vinne. Punje nzima inaziba koo. Karanga nzima nazo wasipewe.

Saa 7 anzeni kuondoka, hata kama mkubwa bado anataka kuendelea. Nguo zikung'utweni nje kabla ya kuingia ndani, na mtoto aoshwe uso na pua kwa maji safi kabla hajalala.