Asiransi ya vita na fujo kwa magazeni ya mugeni: munaitafuta namna gani

Bandugu, kama uko na mutu wa inje, Nairobi ao Bruxelles, anataka kutia feza mu magazeni hapa Lubumbashi, asiransi ya risiki ya politiki muitafute sasa wakati kumetulia, juu bunduki zikianza kulia kila mutu anaikumbuka, na benye kuiuza banapandisha bei ao banafunga mulango.

Anza na kontra mulio nayo, ile ya moto na wizi, ufike ku maandishi madogo ya nyuma. Mingi zinasema vita, fujo na kupora haviko ndani. Shemeji yangu wa Goma, janvier 2025, alikuta depo imebaki kuta tu, hata frigo na mbao za rafu zimeenda, njo akaonyeshwa ule mustari.

Ya politiki inauzwa kwa vipande: vita na fujo, leta (serikali) kukunyanganya mali, na kukatazwa kutosha dolari inje. Bazee hapa bameona: 1973 Mobutu alinyanganya bageni maduka, 1991 mji uliporwa. Mimi ningelipia vita na fujo mbele. Franga ikishuka bei, hiyo ni hasara yako.

Mugeni mwenyewe njo anaomba, na aombe mbele feza haijaingia. MIGA, shirika la asiransi hii la Banki ya Dunia, iko tangu 1988, inafunika mpaka 90% ya mutaji; ATIDI ya Nairobi, shirika la asiransi la inchi za Afrika, nayo iko, Kongo ni memba. Na musifanye ujanja: biashara ndogo ndogo sheria inaachia Bakongomani, ukificha mugeni nyuma ya jina la ndugu yako, siku ya kulipa bamepata sababu ya kukataa.

Sasa papié, hapa njo batu banaanguka. Fakitire, papié za duane za Kasumbalesa ku mupaka wa Zambia, hesabu ya stoki kila jumamosi, foto za rafu zenye tarehe, tuma zote kwa mugeni ku WhatsApp siku ile ile. Shemeji hata kama angekuwa na asiransi ya kweli angeshindwa, juu yote ilikuwa mu kompyuta ya ku kesi, pale batu banalipia, na kompyuta njo ilibebwa ya kwanza.

Ikitokea, andikia asiransi mara moja, na usisaini kitu wala kupatana na mutu wa leta mbele benye asiransi bajue, juu bakishakulipa ni bao njo batadai leta, na wewe ukishapatana pembeni utakuwa umeuza haki yao.