Kupima nguvu ya ARV kwa kasi ya virusi kushuka wiki ya kwanza

Mwongozo huu ni wa wanaolinganisha dawa za VVU (ARV) kwenye utafiti. Kliniki ina ratiba yake, na haimpimi mgonjwa wingi wa virusi kila baada ya siku mbili.

1. Chukua damu kabla ya dozi ya kwanza, kisha siku ya 2, 4, 7 na 10. Andika saa ya kila dozi na saa ya kutoa damu. Sampuli zote za mgonjwa mmoja zipimwe kwa mashine moja, ikiwezekana kwa mkupuo mmoja.

2. Badili idadi ya virusi (nakala kwa mililita ya damu) iwe logi ya kumi. 100,000 ni 5.0, 63,000 ni 4.8, 5,000 ni 3.7. Bila logi, grafu itakudanganya.

3. Usianzie mstari wako siku ya 0. Dawa huzuia seli mpya zisiambukizwe, lakini seli zilizokwisha kuambukizwa huendelea kutoa virusi hadi zife, kwa hiyo siku moja au mbili za mwanzo grafu huwa karibu bapa. Ukiziingiza, dawa nzuri itaonekana goigoi.

4. Tafuta mteremko. Kwa mfano, kutoka siku ya 2 (logi 4.8) hadi ya 7 (logi 3.7) kuna logi 1.1 kwa siku 5, yaani 0.22 kwa siku. Gawa 0.301 (logi ya 2, yaani kupungua nusu) kwa 0.22: virusi vinapungua nusu kila siku 1.4 hivi. Mtafiti Perelson na wenzake, mwaka 1996, walikadiria kuwa seli zilizoambukizwa hupungua nusu kila siku 1.6, kwa hiyo jibu hili linaaminika.

5. Ishia siku ya 10, au 14 ukizidisha sana. Baada ya hapo zinabaki seli zinazokufa polepole, na mteremko hulegea hata dawa ikiwa kali.

6. Gawa mteremko wa dawa mpya kwa ule wa dawa unayoijua vizuri. Mgonjwa aliyeruka dozi mchambue peke yake.

Hapo hatua ya 6 ndipo wengi wanapoteleza. Linganisha dawa za kundi moja tu. Kwa mfano, raltegravir hushusha virusi haraka kuliko efavirenz, ARV ya kundi jingine, na sababu moja ni kwamba inazuia hatua ya baadaye katika mzunguko wa kirusi. Katika STARTMRK, jaribio lililolinganisha dawa hizo mbili, pengo hilo lilionekana wazi wiki za mwanzo, lakini wiki ya 48 waliokuwa chini ya nakala 50 walikuwa 86% kwa raltegravir na 82% kwa efavirenz.