Jinsi ya kupima ubora wa almasi kabla ya kuinunua

Almasi mbili zenye uzito uleule zinaweza kupishana bei mara kadhaa, na jicho lisilozoea lisione kwa nini. Maabara huzipima kwa mambo manne: mkato, rangi, usafi na uzito. Wauzaji wengi hutanguliza uzito kwa kuwa ndio rahisi kuutaja. Wewe anza na mkato, maana ndio unaoamua kama jiwe litang'aa au litazubaa.

Mkato si umbo. Umbo ni duara, mraba au yai. Mkato ni namna pembe na vipimo vya jiwe vinavyorudisha mwanga juu kwa mtazamaji. Jiwe lenye kina kupita kiasi huvujisha mwanga na kuonekana jeusi katikati. Lililo bapa mno huonekana limefifia. Kwa almasi ya duara, tafuta cheti cha maabara kilichoandikwa Excellent, yaani daraja la juu la mkato, kisha usiishie hapo, kagua namba zake. Uso bapa wa juu uwe 54–58% ya kipenyo, kina chote 59–62.5%, pembe ya sehemu ya juu nyuzi 34–35 na ya sehemu ya chini nyuzi 40.6–41. Pembe hizi mbili hutegemeana: moja ikipanda, nyingine ishuke kidogo. Zikipanda zote pamoja mwanga huvuja, hata kama cheti bado kinasema Excellent. Kwa maumbo mengine, cheti cha GIA, maabara ya Marekani ya kupima vito, kwa kawaida hakitoi daraja la jumla la mkato, kwa hiyo ni lazima ulione jiwe lenyewe, au angalau video yake likizungushwa.

Karati 1 ni gramu 0.2, nayo hugawanywa katika pointi 100. Bei ya kila karati huruka uzito unapofika 0.50, 1.00, 1.50 na 2.00. Almasi ya duara ya karati 0.95 ni ndogo kuliko ya 1.00 kwa takriban milimita 0.1 tu ya kipenyo, tofauti ambayo hakuna atakayeiona kidoleni, ilhali bei yake huwa nafuu zaidi. Duara la karati 1 lililokatwa vizuri lina kipenyo cha karibu milimita 6.4–6.5. Ukikuta 6.1, uzito umefichwa chini ya jiwe, nawe unaulipia bila kuuona.

Rangi hupangwa kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano au ukahawia unaoonekana wazi. Mpimaji hulilaza jiwe kifudifudi na kulilinganisha na mawe ya kielelezo. Likiwa kwenye pete, tofauti ya G na E ni vigumu kuiona. Kwa dhahabu ya njano, J au K inatosha. Mawe makubwa, na yaliyokatwa nyuso ndefu zilizopangwa kama ngazi, huonyesha rangi zaidi, kwa hiyo hapo panda daraja moja au mawili.

Usafi hukaguliwa kwa lenzi ya kukuza mara 10, na madaraja hushuka hivi, kuanzia lisilo na dosari hadi lenye dosari zinazoonekana wazi: FL, IF, VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, I1, I2, I3. Hapa ndipo pa kuokoa pesa. VS2 nyingi, na SI1 kadhaa, hazina dosari inayoonekana kwa macho matupu. Tazama dosari iko wapi: kitone cheusi katikati ya uso wa juu kinasumbua kuliko kilicho pembeni, na ufa unaofika ukingoni, hasa kwenye ncha, unaweza kulivunja jiwe likigongwa. Cheti cha SI kikieleza kwamba daraja limetokana na mawingu (vikundi vya vitone vidogo sana) yasiyochorwa kwenye cheti, litazame jiwe kwa makini, kwani linaweza kuwa na ukungu kama maziwa.

Baadhi ya almasi hung'aa buluu chini ya miale ya urujuanimno. Kiwango kikubwa kwenye rangi D–F kwa kawaida hushusha bei, na mara chache hulitia jiwe ukungu. Litoe juani ulihakiki.

Cheti nacho kikaguliwe. Maabara legevu huweza kulipandisha jiwe daraja moja au mawili, kwa hiyo usilinganishe bei za vyeti vya maabara tofauti kana kwamba ni sawa. Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya maabara, kisha ikiwa jiwe limechongwa namba kwa leza kiunoni, yaani kwenye ukingo unaolizunguka, isome kwa lenzi, zisipolingana, usinunue. Soma pia kama jiwe ni la asili au limekuzwa maabara, kwani lenzi haiwezi kukuambia. Kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto nacho hakitoshi: almasi ya maabara hukipita kwa kuwa ni almasi halisi, na moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, hukidanganya pia. Uliza kama nyufa zimejazwa, maana moto wa sonara huharibu kijazio.

Mwisho, omba jiwe lililosafishwa, lisilofungwa kwenye pete, ulitazame dirishani mbali na taa kali za duka, na haki ya kulirudisha iandikwe kwenye risiti kabla hujalipa.