Kabla ya Kuuliza Ree: Maandalizi ya Slamu kwenye Briji

Wengi wetu hapa Malindi tumeingia kwenye briji tukitokea karata za barazani, kwa hiyo ree, turufu na kopa hazitupi tabu. Tunapoumia ni pale mnada, yaani kutangaza mtakula mikono mingapi na kwa turufu gani, unapopanda. Mtu akiona karata zake zinang'aa hunadi nne bila turufu, yaani kumuuliza mwenza wake ana ree ngapi, jibu likija hajui alifanyie nini.

Slamu ndogo ni kula mikono 12 kati ya 13, slamu kuu ni yote. Ziada yake inatamanisha: 500 kwa ndogo na 1,000 kwa kuu, au 750 na 1,500 mkiwa mmeshashinda gemu moja. Pasipo turufu, hesabuni pointi 33 hivi za karata kubwa, zenu wawili pamoja, kwa ndogo na 37 kwa kuu. Nguvu hizo zijulikane kwanza. Swali la ree kazi yake kubwa ni kukuzuia usipande wakati wapinzani wameshika ree mbili.

Majibu yazungumzwe na mwenza wako kabla hamjakaa mezani. Katika utaratibu wa Easley Blackwood wa mwaka 1933, tano pau ni kutokuwa na ree hata moja au kuwa nazo zote nne. Tano uru ni moja, tano kopa mbili, tano shupaza tatu. Siku hizi wengi humhesabu na mfalme wa turufu kama ree ya tano, na majibu hubadilika. Chagueni mmoja. Mkubaliane pia kwamba mwenza akifungua kwa moja bila turufu, kurukia nne bila turufu si swali bali ni kumwalika apande sita kama ana pointi za juu. Hapo ree huulizwa kwa nne pau, njia ya John Gerber.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usiulize kabla ya kujua kila jibu utalifanyia nini. Turufu ikiwa pau, nawe wahitaji ree mbili kwa mwenzako, akakujibu tano uru, tano pau, iliyo chini ya tano uru kwenye mnada, imeshapitwa na mmeingia slamu msiyoiweza. Ukiwa huna hata karata moja ya aina fulani, idadi ya ree haitakusaidia, maana huenda ree aliyonayo ni ya aina hiyohiyo. Na ukiwa na karata mbili ndogo za aina ambayo hakuna aliyeinadi, mnaweza kukosa ree moja tu, na bado wapinzani wakala ree na mfalme wake mwanzoni kabisa. Karata za namna hii zataka mnadi ree na wafalme mmoja mmoja, aina kwa aina, turufu ikishakubaliwa. Ni polepole, lakini mimi naiamini zaidi.

Mwisho, adabu ya meza. Barazani kukonyezana ni sehemu ya mchezo. Kwenye briji ni marufuku, hata kusitasita kwa makusudi ili mwenzio aelewe. Makubaliano yenu pia si siri. Mzee wa upande wa pili akiuliza tano kopa ile ina maana gani, aliyeinadi hunyamaza. Mwenza wake ndiye anayeeleza.